Karo linaloitiwa gari kila baada ya miezi miwili: mnalipia tope au mnalipia maji?

Swali: Shikamoo, mhandisi. Nyumba yetu ipo Tabata, Dar es Salaam, na tumeishi humo tangu 2011. Tuko sita katika familia, na uani kuna wapangaji watatu. Karo letu la septiki lina urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2 na kina cha maji cha mita 1.2. Pembeni yake kuna shimo la kunyonyea lenye kipenyo cha mita 1.5, na chini ya bomba linaloingiza maji lina kina cha mita 2. Udongo ni mchanga laini juu na mfinyanzi chini. Miaka ya mwanzo tulikaa muda mrefu bila kuita gari la majitaka, lakini mwaka jana tumeliita mara tano, kila safari Sh 130,000, na masika ndiyo yanatutesa zaidi. Fundi mmoja anasema tumwage chumvi na dizeli, mwingine anauza unga wa bakteria, na wa tatu anataka tujenge karo jipya kubwa. Nifanye nini ili gharama hizi zishuke?

Jibu: Marahaba, dada, na poleni kwa mzigo huo. Safari tano za Sh 130,000 ni Sh 650,000 kwa mwaka, fedha ambazo katika nyumba nyingi hutoka kwenye ada ya mtoto au kwenye chakula, ndiyo maana nimeona swali lako linastahili jibu refu. Nakushukuru pia kwa kuleta vipimo, kwa kuwa bila hivyo ningebaki kukupa maneno ya jumla ambayo hayamsaidii mtu. Nianze na jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha tatizo lenu. Gari linalokuja kila baada ya miezi miwili linabeba maji ambayo ardhi yenu ilipaswa kuyanyonya bure, na tope lililomo ndani ya maji hayo ni kidogo mno.

Karo la septiki hufanya kazi likiwa limejaa. Majitaka yanapoingia hutulia, vizito vikazama na kuwa tope, mafuta na vyepesi vikaelea na kufanya utando mzito, na katikati hubaki maji ya kijivu yanayotoka kwa bomba la upande wa pili kwenda kwenye shimo la kunyonyea. Kila lita inayoingia husukuma lita nyingine itoke. Kwa hiyo ukifunua mfuniko na kukuta maji yamefika usawa wa bomba la kutokea, usishtuke, kwani karo limekuwa katika hali hiyo tangu wiki ya kwanza lilipoanza kutumika. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimekutana na familia nyingi zilizoita gari baada ya kuonyeshwa maji hayo na kuambiwa kwamba karo limejaa. Tukikadiria lita 80 za maji kwa mtu kwa siku, ninyi watu tisa mnapeleka kwenye karo lita 720 kila siku, na karo lenyewe lina ujazo wa karibu lita 3,450. Gari likimaliza kunyonya siku ya Jumatatu, kufikia Jumamosi maji yatakuwa yamerudi palepale yalipokuwa, hata kama kila kitu kinafanya kazi vizuri.

Tope lina hesabu yake tofauti kabisa. Karo linapopokea maji ya choo pamoja na ya kuoga, kufulia na jikoni, kipimo ambacho wahandisi wengi hukitumia ni lita 40 za tope kwa mtu kwa mwaka, na karo hunyonywa pale tope linapofikia theluthi ya ujazo wake. Watu tisa huweka lita 360 kwa mwaka, na theluthi ya karo lenu ni lita 1,150. Hii ina maana kwamba, mkitumia vizuri, mngehitaji gari mara moja katika miaka mitatu. Sasa tazama hesabu hiyohiyo kwa upande wa pili: katika miezi miwili mnaweka lita 60 tu za tope, yaani ndoo tatu za lita 20. Sh 130,000 mnazotoa kila safari zinaondoa ndoo tatu za tope pamoja na zaidi ya lita elfu tatu za maji.

Swali la kujiuliza basi ni kwa nini maji hayatoki kwenda ardhini kama yalivyokuwa yakitoka miaka ya mwanzo, na vipimo vyako vinatuonyesha mengi. Shimo la kunyonyea hunyonya hasa kupitia kuta zake, kwa kuwa sakafu huziba mapema kwa chembechembe zinazozama. Kuta za shimo lenu zina eneo la mita za mraba 9.4. Mchanga laini unaweza kupokea takribani lita 33 za majitaka yaliyotulia kwa kila mita ya mraba kwa siku, ambapo udongo mzito wenye mfinyanzi hupokea lita 10 au pungufu. Lita 720 zingehitaji karibu mita za mraba 22 za kuta hata kama shimo lote lingekuwa kwenye mchanga, na lenu sehemu ya chini imeingia kwenye mfinyanzi. Shimo hilo lilikuwa dogo tangu siku lilipochimbwa. Lilivumilia kwa sababu udongo ulikuwa mpya, na pengine kwa sababu wapangaji walikuwa hawajaja. Baadaye ukajijenga kwenye kuta utando mweusi wa bakteria, mafuta na chembe za tope, ukapunguza upenyo mwaka hadi mwaka, na masika maji ya ardhini yanapopanda, shimo halina tena pa kuyasukuma ya kwake.

Kabla hamjatoa shilingi yoyote kwa fundi, naomba mfanye uchunguzi ambao hauna gharama. Siku gari litakapokuja tena, simama mahali salama mbali na mdomo wa karo, na umwombe mfanyakazi wa gari atazame bomba la kutokea wakati usawa wa maji unashuka. Maji yakianza kurudi nyuma kutoka kwenye shimo la kunyonyea na kumiminika ndani ya karo, mtakuwa mmepata ushahidi kwamba shimo limeshiba. Kisha, miezi michache baadaye, pimeni tope: chukueni mti mrefu ulionyooka, mfunge kitambaa cheupe kwenye sehemu ya chini, mushushe taratibu hadi ufike sakafuni, mwache dakika chache kisha mutoe. Sehemu iliyobaki nyeusi ndiyo kina cha tope. Kwenye karo la kina cha mita 1.2, tope likiwa chini ya sentimita 40 hakuna sababu ya kuita gari kwa ajili ya tope. Vaeni glavu, na mti huo uwe wa kazi hiyo tu.

Uchunguzi wa tatu ni wa usiku. Jazeni kwanza tangi la juu, kwa kuwa boya lake linaweza kuvuta maji usiku kucha na kuwachanganya, kisha fungeni bomba linalolijaza, wekeni alama usawa wa maji ya tangi hilo na wa maji ya karo, na wote mkubaliane kutotumia maji hadi alfajiri. Maji yakiwa yameshuka asubuhi, ndani ya nyumba kuna mahali panapovuja, na mara nyingi ni sinki la choo, yaani lile tangi dogo la maji ya kuvuta, ambalo mpira wake wa chini umechakaa, hivyo maji yanateleza kimyakimya ndani ya bakuli. Tia rangi ya chakula kwenye sinki hilo, usivute maji kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Ukiona rangi imeshuka, umempata mwizi. Choo kimoja kinachovuja namna hiyo kinaweza kupeleka mamia ya lita kwenye karo kwa siku, na mnayalipia mara mbili, kwenye ankara ya maji na kwenye gari la majitaka. Mpira wa kubadilisha ni bei ndogo sana. Kama hakuna kilichovuja ndani na bado usawa wa karo umepanda hadi asubuhi, maji yanaingia kutoka ardhini kupitia ufa wa ukuta, au yanarudi kutoka shimo la kunyonyea.

Umesema masika ndiyo yanawatesa zaidi, na hapo nataka mtazame juu kabla ya kutazama chini. Bati la mita za mraba 100 likipokea mvua ya milimita 50, jambo la kawaida kwa siku moja ya mvua kubwa ya masika, humwaga lita 5,000, kiasi kinachozidi ujazo wa karo lenu zima. Fuatilieni maji hayo yanaelekea wapi. Mara nyingi nimekuta bomba la mfereji wa bati limeunganishwa kwenye chemba ya majitaka kwa sababu fundi aliona ndiyo njia fupi, au uwanja umesakafiwa ukainamia kwenye mifuniko iliyopasuka. Maji ya mvua yaelekezwe mbali na karo na mbali na shimo, mifuniko izibwe kwa zege jipya, na udongo juu ya shimo la kunyonyea uinuliwe kidogo ili maji yapite pembeni. Hapa kibarua wa siku moja anaweza kuwaokolea safari mbili za gari kila masika. Mkiwa kwenye kazi hiyo, fungeni pia wavu imara kwenye mdomo wa bomba la hewa, kwa kuwa mbu wa kyuleksi huzaliana katika maji ya aina hii na ndio wanaoeneza matende katika pwani yetu. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe za polistirini, plastiki nyepesi inayoelea, juu ya maji ya mashimo ya vyoo ili kuwazuia mbu hao wasizaliane, sambamba na kuwapa watu dawa, na kazi hiyo ilizaa matunda.

Matengenezo ninayoyapa uzito kuliko yote ni ya kipande cha bomba chenye umbo la herufi T upande wa kutokea. Mguu wake wa chini huingia ndani ya maji hadi chini ya utando, kichwa chake hubaki wazi juu ya utando, na kwa namna hiyo maji yanayotoka huchotwa katikati, mahali palipo safi zaidi. Kipande hicho kisipokuwepo, au kikiwa kimeanguka, mafuta na vitu vinavyoelea hutoka moja kwa moja na kwenda kuziba shimo la kunyonyea. Katika nyumba yangu ya kwanza fundi alikisahau, nami nilikuwa kijana niliyejiona mtaalamu, sikufunua mfuniko kukagua. Shimo lilikufa kwa muda mfupi, na nikachimba jingine kwa gharama iliyonirudisha nyuma mwaka mzima. Tangu siku hiyo hakuna nyumba ninayoingia bila kuuliza habari ya T. Mwombeni mwenye gari, mara tu karo litakapokuwa limenyonywa, amulike kwa tochi ya umeme akiwa juu na awaambie kama ipo. Bomba la plastiki la inchi 4, kipande cha T na gundi yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya safari moja, na linaweza kufungwa kupitia mlango wa ukaguzi bila mtu kuingia ndani.

Naomba nikatize maelezo hapa kwa jambo zito. Mtu yeyote, awe fundi, kijana wa nyumbani au wewe mwenyewe, asiingie ndani ya karo wala shimo, hata likiwa tupu, hata kwa dakika moja. Humo kuna gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ikizidi huua uwezo wa pua kunusa kabla haijamwangusha mtu, kuna methani inayolipuka, na oksijeni ni haba. Mtu wa kwanza anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa, naye anabaki humo. Msimulike ndani kwa kiberiti wala kibatari, msivute sigara karibu, na mfuniko usiachwe wazi hata kwa muda mfupi pakiwa na watoto.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, kwa sababu hapo ndipo nyumba yenu inaweza kupata nafuu ya haraka. Tukichukulia kwamba kila mtu anavuta maji ya choo mara nne kwa siku, na sinki lenu ni la lita 9, choo kinatumia lita 324 kati ya zile 720. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji ya kuoga na kufulia, na maji hayo hayana sababu ya kupita kwenye karo iwapo mna hatua chache za ardhi. Yanaweza kutolewa kwa bomba lake na kupelekwa kwenye mfereji mfupi uliojazwa kokoto na kufunikwa udongo, kando ya migomba au mipapai, ilimradi yasambae chini ya ardhi na yasituame juu wala kutiririka kwa jirani. Mkifanikiwa kuondoa nusu ya maji, lita 360 zinazobaki zitahitaji karibu mita za mraba 11 za kuta kwenye mchanga laini, nanyi mna 9.4. Kwa hatua hiyo shimo lililokuwa limezidiwa zaidi ya mara mbili linakaribia kutosha. Ongezeni chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji ndani ya sinki la choo, na mtapunguza lita 54 nyingine kila siku bila mtu yeyote kuona tofauti. Zungumza pia na wapangaji wako kwa heshima, uwaeleze hesabu hii kama nilivyokueleza. Mpangaji anayejua kwamba gharama ya gari inaathiri kodi yake huwa msaidizi mzuri kuliko anayekatazwa tu.

Maji ya jikoni ni habari tofauti, na hayo msiyapeleke kwenye migomba bila kuyachuja kwanza. Mafuta ya kukaangia, mchuzi na maji ya kuoshea sufuria huganda kwenye mabomba na kuelea kwenye karo. Jengeni chemba ndogo ya kunasa mafuta, yenye ukubwa wa ndoo mbili tatu, karibu na sinki la jikoni, ambamo maji huingia juu na kutoka kwa bomba linaloanzia chini, na kila wiki muondoe mafuta yaliyoganda, muyafunge na kuyatupa pamoja na taka. Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango yafutwe kwa karatasi kabla ya kuosha, na makombo ya ugali na wali yaende kwa kuku. Kuna pia mchanga, ambao wengi huusahau. Anayesugua sufuria kwa mchanga au majivu na kumwaga kwenye sinki anaweka karoni kitu kisichooza kamwe, ambacho bakteria hawana la kukifanya. Pampasi, pedi, vitambaa vyenye unyevu, nywele bandia na kondomu ziwe na chombo chao chenye kifuniko ndani ya choo, kwa kuwa huziba mabomba yenu na pia huziba mpira wa gari, na wenye magari wengi huongeza bei wakikutana nazo.

Kuhusu wale mafundi watatu, nitasema wazi. Chumvi na dizeli ni madhara matupu. Tope hupungua kwa sababu ya bakteria wanaoishi bila hewa ndani ya karo, chumvi nyingi huwadhoofisha, na dizeli hupenya ardhini hadi kwenye visima ambavyo majirani wanavitegemea. Vivyo hivyo kwa tindikali ya betri na soda kali. Unga wa bakteria hauna ubaya huo, ila hauna kazi kwenu, kwa kuwa kila mtu anayekwenda choo huongeza bakteria wa kutosha kila siku, na hata shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira, EPA, halipendekezi viongezwa vya namna hiyo kwa makaro ya nyumbani. Baadhi ya dawa hizi hulifumua tope likaelea, wenye nyumba wakadhani limepungua, kumbe limehamia kwenye shimo la kunyonyea. Dawa ya kusafishia choo na jiki kwa kiasi cha kawaida havina shida. Msimwage lita nzima kwa mara moja. Karo kubwa analolitaka fundi wa tatu litawacheleweshea tatizo kwa siku chache tu, maana nalo litajaa maji, na kila lita inayoingia itadai kutoka. Jihadharini pia na matangi ya kisasa yanayouzwa kwa ahadi kwamba hayajai milele. Mengine ni mazuri, lakini yote hutoa maji yanayohitaji ardhi ya kuyanyonya, na ardhi yenu ndiyo iliyochoka.

Kama baada ya kuziba mvua, kurekebisha vyoo, kufunga T na kuondoa maji ya kuoga bado shimo linafurika, hapo ndipo fedha kubwa itumike, na itumike kwenye ardhi. Kwa udongo wenu nisingechimba shimo jingine refu, kwa sababu litawapeleka tena kwenye mfinyanzi. Ningechimba mfereji wa juujuu, ndani ya tabaka la mchanga, wenye kina cha sentimita 60 chini ya bomba, ujazwe kokoto safi, na juu yake lilazwe bomba la inchi 4 lenye matundu, lifunikwe kwa karatasi nzito ya nailoni kabla ya udongo kurudishwa. Kila mita ya mfereji huo hutoa mita ya mraba 1.2 ya kuta, hivyo lita 360 zinahitaji mita 9 hadi 10 za urefu. Wekeni chemba ndogo ya kugawa maji kati ya karo, shimo la zamani na mfereji mpya, ili muweze kuziba njia moja na kufungua nyingine. Shimo la zamani likipumzishwa miezi sita hadi mwaka, ule utando mweusi hukauka na kuoza, na sehemu ya uwezo wake hurudi. Baada ya hapo mnabadilishana mwaka huu na mwaka ujao. Pangeni mfereji uwe angalau mita 30 kutoka kisima chochote, chenu au cha jirani, msipande mti mkubwa juu yake, wala msiegeshe gari hapo.

Limebaki suala la gari lenyewe, ambalo bado mtalihitaji. Liiteni kwa kufuata kipimo cha mti wenye kitambaa, na muda mzuri ni Januari na Februari au Julai hadi Septemba, barabara zikiwa kavu na magari hayagombaniwi. Msilinyonye karo katikati ya masika ikiwa mnaweza kuvumilia, kwa sababu karo tupu lililozungukwa na maji ya ardhini husukumwa juu na linaweza kupasuka, na yale ya plastiki huinuka kabisa. Ulizeni ujazo wa gari kabla ya kukubaliana. Bei hutozwa kwa safari, na karo lenu ni la lita 3,450. Gari la lita 10,000 likija, nusu na zaidi ya mnachokilipia ni nafasi tupu. Kubaliana na majirani wawili ambao makaro yao yako tayari, gari lipite nyumba zote tatu, na bei igawanywe. Nimeona mitaa iliyofanya hivi kupitia kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, na malalamiko ya gharama yakapungua sana. Mkijenga shingo fupi ya zege inayofikisha mfuniko usawa wa uwanja, mtaacha pia kulipa kibarua wa kubomoa vitofali kila safari.

Mwulizeni dereva kibali chake na anakwenda kumwaga wapi. Hapa Dar es Salaam magari yanayofuata utaratibu hupeleka kwenye mabwawa ya DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji, kama yale ya Vingunguti. Anayetoza nusu ya bei na hana jibu la swali hilo anamwaga mtoni au bondeni, kwa watu wasio na pa kukimbilia. Vilevile msikubali kijana anayejitolea kutapisha karo kwenye mtaro usiku wa mvua. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inakataza kuhatarisha afya za watu kwa uchafu wa namna hiyo, na sisi tuliokuwepo jijini Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza Kinondoni na kusambaa nchini tunajua kinyesi kilichoachiwa kwenye maji kinafanya nini kwa watoto wa mtaani.

Mkifika kwenye safari moja kwa miaka mitatu kwa bei hiyohiyo, mnachohitaji kuweka kwenye kibubu ni karibu Sh 3,600 kwa mwezi, na wapangaji wakichangia sehemu yao itakuwa pungufu ya hapo. Anza wiki hii na rangi ya chakula chooni, kipimo cha usiku na mfereji wa bati, kwa sababu hivyo havisubiri fedha. Kisha nakuomba uniandikie vitu vitatu: maji ya tangi la juu yalishuka kiasi gani usiku, kina cha tope kwenye kitambaa, na kama maji yalirudi kutoka shimo la kunyonyea wakati gari likinyonya. Ongeza mchoro wa kiwanja hata kama ni wa mkono, uonyeshe nyumba, karo, shimo, kisima cha karibu na upande ambao ardhi inainamia, nami nitakuonyesha mahali mfereji unapoweza kupita na urefu wake kabla hamjamlipa mtu kuchimba.